Volti Kamili, Waya Mbovu: Kwa Mnaoanza Kazi katika Taasisi za Taifa za Vipimo

Vijana wanaoingia kwenye maabara za vipimo siku hizi karibu wote huja na swali moja: ni lini watapewa kazi ya kwanta? Wamesoma habari za kompyuta za kwanta, wameona picha za yale majokofu yanayoning'inia kama taa za dhahabu, na wanaogopa kwamba wakipangiwa dawati la multimita na vipimajoto watakuwa wameachwa nyuma. Swali hilo nalipenda, na anayeliuliza namjibu hivi: umeshaingia. Multimita utakayoifanyia ugezi (yaani kuilinganisha na kipimo cha juu zaidi) wiki hii inasoma volti, na volti hiyo ukiifuata hatua kwa hatua hadi chanzo chake utafika kwenye chipu ndogo iliyozama ndani ya heli ya kimiminika, ambako umeme unafuata sheria za kwanta, zile za ulimwengu wa chembe ndogo kabisa, na hauna njia nyingine ya kufanya.

Nimefanya kazi ya vipimo vya umeme kwa miaka mingi, na haya ndiyo ambayo ningependa kila anayeanza ayajue mapema.

Kwanza ujue nyumba uliyoingia ni ya nini. Kila nchi inayofanya biashara inahitaji mahali pamoja panapotunza vipimo vya juu kabisa vya taifa, ili kilo ya Mombasa iwe kilo ya Kisumu na volti ya kiwandani iwe volti ya hospitalini. Kazi hiyo iko kwenye mashirika ya viwango: Kenya ni KEBS, Tanzania ni TBS, Uganda ni UNBS. Ujerumani wana PTB pale Braunschweig, Uingereza wana NPL pale Teddington, Marekani wana NIST. Usichanganye na wale wanaokagua mizani ya sokoni na pampu za mafuta. Kwa Tanzania hao ni Wakala wa Vipimo, na kazi yao ni ya kisheria. Sisi tuko nyuma yao kwenye mnyororo: mawe yao ya mizani lazima yalinganishwe na mawe yaliyolinganishwa na yetu. Tunachouza, kama neno kuuza linafaa, ni namba pamoja na kauli ya ukweli kuhusu namba hiyo ina shaka kiasi gani. Mashine zote za gharama zilizomo humu ndani zipo kwa ajili ya sentensi hiyo moja kwenye cheti.

Sasa historia kidogo, maana inabadilisha jinsi unavyoitazama kazi yako. Mwaka 1887 Wajerumani walianzisha taasisi ya taifa ya vipimo mjini Berlin, PTR, mzazi wa PTB ya leo. Werner von Siemens ndiye aliyeisukuma sana, na Hermann von Helmholtz akawa rais wake wa kwanza. Miongoni mwa matatizo yaliyokuwa mezani lilikuwepo hili la kawaida kabisa: taa za gesi na taa za umeme zinashindana, na hakuna kipimo cha kuaminika cha mwanga cha kuamua ipi inatoa mwanga zaidi. Wakaamua kutafuta chanzo cha mwanga kinachotegemea joto peke yake. Wakajenga tanuri lenye uwazi ndani na tundu dogo ubavuni, kisha wakaanza kupima mwanga unaotoka, rangi kwa rangi, joto kwa joto. Otto Lummer na Ernst Pringsheim walifanya kazi hiyo kwa miaka. Fomula iliyokuwa inakubalika wakati huo, ya Wilhelm Wien, ilikaa vizuri kwenye mawimbi mafupi, lakini kwenye mawimbi marefu vipimo vilianza kuikataa. Heinrich Rubens na Ferdinand Kurlbaum wakaenda mbali zaidi, kwenye mawimbi marefu ya joto yasiyoonekana, na tofauti ikawa kubwa kiasi cha kutokanushika. Tarehe 7 Oktoba 1900 Rubens alimtembelea Max Planck nyumbani kwake akamweleza matokeo. Tarehe 19 mwezi huohuo Planck aliwasilisha fomula mpya, na tarehe 14 Desemba akaitolea maelezo yaliyohitaji nishati igawanywe vipande vipande. Fizikia ya kwanta ikazaliwa hapo.

Yaani chanzo chake kilikuwa kazi ya kupima taa. Watu wale wangeweza kusema tofauti ile ni hitilafu ya kifaa, wakairekebisha kimyakimya ili ifanane na fomula ya mkubwa. Hawakufanya hivyo. Walirudia, wakabadilisha kifaa, wakaongeza wigo wa vipimo, kisha wakasimama na namba zao. Kama umepangiwa dawati la vipimajoto, ujue uko kwenye ukoo wa watu hao.

Miaka zaidi ya mia moja baadaye mambo yaligeuka: kwanta ndiyo inayoibeba metrolojia, yaani sayansi ya vipimo. Tarehe 16 Novemba 2018, nchi wanachama wa Mkataba wa Meta zilikutana Versailles zikapiga kura kwamba vipimo vyote vya mfumo wa kimataifa visimame juu ya namba saba zilizofungwa. Uamuzi ulianza kutumika tarehe 20 Mei 2019, siku mkataba huo ulipotimiza miaka 144. Konstanti ya Planck sasa ni 6.62607015 × 10⁻³⁴ kamili, bila shaka yoyote, na chaji ya elektroni ni 1.602176634 × 10⁻¹⁹ kamili. Kabla ya hapo kilogramu ilikuwa mche wa platini na iridi uliofungiwa Sèvres karibu na Paris tangu 1889. Ulipolinganishwa na nakala zake, tofauti baina yao zilionekana kufika takriban mikrogramu 50 katika miaka mia moja, na hakuna aliyeweza kusema ni upi uliobadilika, kwa sababu kwa mujibu wa tafsiri ya wakati huo mche wa Sèvres haukuweza kukosea.

Hapa nina ushauri wa vitendo kabisa. Utakutana na vyeti vya zamani kwenye makabati. Kuanzia 1990 hadi Mei 2019 maabara za umeme duniani zilitumia thamani za makubaliano kwa vipimo vya kwanta vya volti na ukinzani nitakavyovieleza hapa chini: 483 597.9 gigahetsi kwa volti na omu 25 812.807. Mwaka 2019 volti ilisogea kwa karibu sehemu moja kwa milioni kumi, na omu kwa karibu sehemu mbili kwa milioni mia. Kwa fundi wa kawaida hilo si kitu. Kwa anayefuatilia mwenendo wa kipimo cha rejea cha volti 10 kwa miaka ishirini, ni ngazi inayoonekana wazi kwenye grafu, na nimeona vijana wenye akili wakihangaika kutafuta kifaa kilichoharibika mwaka huo. Hakikuharibika. Soma tarehe ya cheti kabla ya kuilaumu mashine.

Nije kwenye volti yenyewe, maana ndipo pa kujifunzia karibu kila kitu. Mwaka 1962 Brian Josephson, mwanafunzi wa Cambridge mwenye umri wa miaka 22, alitabiri kwamba ukiweka supakondakta mbili (vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikiwa kwenye baridi kali) zikitenganishwa na utando mwembamba sana, kisha ukazimulikia mawimbi ya maikrowevu, volteji itapanda kwa ngazi zilizo sawa kabisa. Urefu wa ngazi hutegemea masafa ya mawimbi (mitetemo kwa sekunde) na konstanti mbili tu, ya Planck na ya chaji ya elektroni. Hautegemei madini yaliyotumika, wala nani aliyetengeneza, wala hali ya hewa ya siku hiyo. Kwa masafa ya gigahetsi 70, kiungo kimoja kinatoa karibu mikrovolti 145. Ndogo mno. Ili kufika volti 10 unahitaji viungo vingi vikiwa mfululizo, na chipu za kisasa zinazoendeshwa kwa programu zinabeba karibu viungo 70,000 kwenye kipande kinachoenea kidoleni. PTB na NIST ni miongoni mwa taasisi chache duniani zinazozitengeneza zenyewe. Mifumo miwili ya namna hiyo ikilinganishwa ana kwa ana, hukubaliana hadi sehemu moja kwa bilioni kumi au vizuri zaidi.

Mtu akisikia hayo hufikiri kazi imekwisha. Kwanta imetupa volti kamili, kilichobaki ni kubonyeza kitufe. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote: volti ni kamili ndani ya heli. Mteja hayumo ndani ya heli. Kati ya chipu yenye baridi ya kelvini 4 na kifaa kilichoko mezani kuna mita kadhaa za nyaya, viunganishi, swichi na mikono ya watu, na huko kwanta haina msaada wowote kwako.

Chukua volteji za joto. Metali mbili tofauti zikigusana, na ncha zake zikiwa na joto tofauti, hutoa volteji ndogo. Shaba safi ikibanwa kwenye shaba safi hutoa chini ya mikrovolti 0.2 kwa kila digrii ya tofauti. Shaba safi ikigusana na shaba iliyoshika kutu inaweza kufika karibu mikrovolti 1,000 kwa digrii. Soma tena namba hiyo. Waya mmoja usiosuguliwa unaweza kukupa volteji inayozidi ya viungo kadhaa vya Josephson. Ndiyo maana tunasugua ncha, tunafunga kwa mkono wenye glavu, halafu tunaondoka mezani na kusubiri joto la vidole lipotee. Ndiyo maana pia hatupimi mara moja kwa upande mmoja. Unapima chanya, kisha hasi, hasi tena, halafu chanya. Ukigawa tofauti ya chanya na hasi kwa mbili, volteji ya joto isiyobadilika inajifuta, na kwa mpangilio huo hata inayosogea taratibu kwa mstari ulionyooka inajifuta nayo. Mbinu hii ni ya zamani kuliko Josephson, na bila hiyo chipu yako ya thamani kubwa haina maana.

Halafu kuna uvujaji. Waya una ukinzani wa omu 10 hivi hadi ndani ya heli, na ngozi yake ya plastiki si kizuizi kamili. Ikiwa ukinzani wa ngozi ni omu bilioni 100, kosa unalopata ni sehemu moja kwa bilioni kumi, sawasawa na ule ubora wote uliokuwa unajisifia. Ngozi ikilowa unyevu, na sisi tunaokaa pwani tunajua unyevu ni nini, ukinzani unashuka na kosa linapanda. Pima uvujaji. Upime tena masika.

Masafa nayo yanatoka wapi? Kutoka kwenye saa. Kama oskileta yako ya megahetsi 10 imekosea kwa sehemu moja kwa bilioni, volti yako imekosea kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo anayefanya kazi ya volti lazima awe rafiki wa anayefanya kazi ya muda, na muda wenyewe unatokana na atomu ya sesiamu yenye mizunguko 9 192 631 770 kwa sekunde. Louis Essen na Jack Parry waliunda saa ya kwanza ya sesiamu yenye kutegemewa pale NPL mwaka 1955, na sekunde ikafungwa kwenye namba hiyo mwaka 1967.

Tatizo jingine humpata kila mtu: ngazi inaonekana, ila si bapa. Mkondo wa kuendesha chipu ukibadilishwa kidogo, volteji haipaswi kutikisika hata kidogo. Ikitikisika, huna kipimo cha kwanta, una kifaa cha kawaida chenye bei kubwa. Mara nyingi sababu ni usumaku ulionaswa ndani ya niobi, metali ya supakondakta za chipu, wakati wa kupoza, au kelele inayoingia kupitia waya wa ethi. Kwa usumaku, inua chipu juu ya heli hadi ipite kelvini 9.2, joto ambalo niobi huacha kuwa supakondakta, kisha iteremshe taratibu. Kwa kelele, chomoa kifaa kimoja kimoja hadi uijue inakotoka. Usimwamini mtu yeyote anayekuambia mfumo uko sawa bila kukuonyesha grafu ya ngazi ya leo. Ya jana haitoshi.

Upande wa ukinzani nitaupitia haraka, maana funzo ni lilelile. Februari 1980, Klaus von Klitzing akiwa Grenoble na transista ya silikoni kwenye sumaku kali aliona ukinzani ukikaa kwenye ngazi zinazotegemea h/e² tu, yaani konstanti ya Planck na chaji ya elektroni. Omu 25 812.807 na ushee, na ile tunayoitumia zaidi ni nusu yake. Siku hizi sampuli za grafini (kaboni yenye unene wa atomu moja) zimerahisisha kazi, hazidai sumaku kali wala baridi kali kama zile za kwanza. Kabla ya kuiamini, hakikisha volteji ya kwenda mbele kando ya sampuli ni sifuri na migusano yote ni mizuri. Volti hiyo na omu hiyo zikikutana ndani ya mizani ya Kibble, inayolinganisha uzito na nguvu ya umeme na sumaku, iliyobuniwa na Bryan Kibble wa NPL mwaka 1975, unapata kilogramu bila mche wowote wa chuma. Nilipoelewa jambo hilo mara ya kwanza nilifurahi siku nzima, na bado nafurahi.

Kuna jambo la kwetu hapa Afrika Mashariki ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja. Maabara nyingi hazina mfumo wa Josephson; zina vipimo vya rejea vya Zener, visanduku vya volti 10 vinavyosafirishwa kwenda kulinganishwa kwingine na kurudi. Zener huathiriwa na shinikizo la hewa. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Nairobi iko karibu meta 1,700 juu, na tofauti ya shinikizo ni takriban hektopaskali 180. Kisanduku kilichopimwa Dar na kutumika Nairobi bila kusahihishwa kinabeba kosa linalopimika wazi, kubwa mara nyingi kuliko shaka ya mfumo wa Josephson. Kwa hiyo andika shinikizo kila unapopima. Andika na unyevu, joto, jina lako, saa, namba ya waya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kipimo ni mali. Mtu atakayefungua daftari lako baada ya miaka kumi hatakuwa na nafasi ya kukuuliza.

Kuhusu shaka ya kipimo, sitarudia darasa zima. Mwongozo wa kimataifa unagawa vyanzo viwili: vile unavyokadiria kwa takwimu za marudio yako, na vile unavyokadiria kwa ujuzi mwingine, kama cheti cha kifaa au kitabu cha mtengenezaji. Anayeanza hupenda kile cha kwanza kwa sababu kompyuta inamfanyia. Rudia vipimo mara mia, wastani unakuwa mzuri, anafurahi. Lakini kurudia hakuondoi kosa ambalo ni lilelile kila mara. Hasara kubwa zote nilizowahi kuziona zilikuwa kwenye kile cha pili: waya ambao hakuna aliyeuliza, kipimajoto kilichokuwa mbali na sampuli, marekebisho yaliyonakiliwa kutoka cheti kilichopitwa. Utasikia pia shinikizo la kuipunguza shaka ili maabara ionekane ya hali ya juu. Usikubali, hata kama anayeshinikiza ni mkubwa wako. Mwonyeshe jedwali kwa heshima na umwombe akuonyeshe mstari unaoweza kupunguzwa. Tangu 1999 taasisi za taifa zina makubaliano ya kutambuana vyeti, na uti wa mgongo wake ni ulinganisho wa wazi: kila mmoja anapima kitu kilekile, matokeo yanachapishwa kwa jina la taasisi. Shaka iliyopunguzwa kwa maneno huumbuka hapo.

Sasa turudi kwenye swali lenu la kompyuta za kwanta. Taasisi ya vipimo inaingiaje huko?

Iliingia kabla ya wengi. Watu wa NIST kule Boulder, wakiongozwa na David Wineland, walikuwa wanakamata ioni (atomu zenye chaji) na kuzipoza kwa leza ili watengeneze saa bora. Ujuzi uleule uliwawezesha mwaka 1995 kuonyesha hesabu ya kwanza ya mantiki ya kwanta kwa ioni ya berili. Kisha ujuzi wa hesabu ukarudi kuisaidia saa: ioni ya alumini ni tulivu sana lakini ni ngumu kuisoma kwa leza, basi wakaiweka pamoja na ioni nyingine inayosomeka, ikawa ndiyo inayotoa habari za jirani yake. Mwaka 2010 saa mbili za aina hiyo ziliweza kuonyesha kwamba muda hukimbia kidogo zaidi ukiinua saa moja kwa sentimeta 33 tu. Wineland alipata Nobel mwaka 2012. Saa za leo za namna hiyo, zinazohesabu mitetemo ya mwanga badala ya maikrowevu, ni bora kiasi kwamba tafsiri ya sekunde yenyewe inaandaliwa kubadilishwa, na mkutano mkuu wa 2030 ndio unaolengwa.

Lakini kazi ambayo naamini itawahitaji ninyi wengi zaidi ni ya ushahidi. Kampuni zinakuja na madai: kipokezi changu kinahesabu fotoni (chembe za mwanga) moja moja kwa ufanisi wa asilimia fulani, kifaa changu cha kusambaza funguo za siri hakiwezi kudukuliwa, kompyuta yangu ina kyubiti (vizio vya msingi vya habari za kwanta) nyingi kuliko ya jirani. Nani anapima? Fotoni moja ya mwanga unaotumika kwenye nyuzi za mawasiliano ina nishati ya takriban jouli 1.3 × 10⁻¹⁹, na kuunganisha kipimo hicho na wati ya kawaida ni kazi ngumu ya metrolojia ambayo PTB na NPL zimeifanya kwa miaka. Umuhimu wake ulionekana mwaka 2010, watafiti walipoonyesha kwamba vifaa vya kusambaza funguo vilivyokuwa tayari sokoni viliweza kudanganywa kwa kupofusha vipokezi vyake kwa mwanga mkali. Nadharia ya kwanta ilikuwa sahihi kabisa. Kipokezi ndicho kilichokuwa na tabia ambayo hakuna aliyeipima. Ni habari ya waya mbovu ileile, imevaa nguo nyingine. Kuhesabu kyubiti peke yake nako hakuelezi kitu. Unataka kujua makosa kwa kila hatua, kumbukumbu inadumu kwa muda gani, na jinsi namba hizo zilivyopatikana. ISO na IEC, mashirika ya kimataifa ya viwango, ziliunda kamati ya pamoja ya teknolojia za kwanta mwaka 2024, na lugha ya pamoja ya madai hayo inaandikwa sasa hivi. Mashirika ya viwango ya nchi zetu yana njia ya kushiriki kwenye meza hizo. Kijana anayejua kusoma rasimu kwa makini na kuuliza kipimo hiki kitafanywaje ana nafasi pale, hata kama nchini kwake hakuna jokofu hata moja la kwanta.

Mkitaka kujiandaa, msianzie kwenye kyubiti. Jifunzeni elektroniki ya kelele ndogo, jinsi ya kukinga waya, wapi ethi iunganishwe na wapi isiunganishwe. Jifunzeni takwimu vizuri, na kuandika programu ya kuendesha vifaa na kuhifadhi data ghafi bila kuigusa. Jifunzeni baridi kali kama mnapata nafasi ya kwenda mafunzoni nje, na mkiwa huko msikae na kompyuta tu. Ombeni kushika bomba la heli, ombeni kuwepo mfumo unapoharibika, kwa sababu siku ya hitilafu ndiyo fundi mkuu anaeleza mambo ambayo hayamo kitabuni. Mkirudi, msione aibu kwamba kazi iliyopo ni vipimajoto vya hospitali na mita za umeme. Friji ya chanjo iliyopimwa vibaya inaua, na hakuna tarakimu ya kumi na nane ya saa yoyote itakayoirekebisha.

Na kuna kazi moja ya zama za kwanta inayoweza kuanza Jumatatu katika maabara yoyote yenye kompyuta. Kompyuta kubwa ya kwanta ikipatikana itavunja aina za usimbaji fiche tunazotumia kusaini nyaraka leo. NIST, taasisi ya vipimo kama yenu, ilianzisha mashindano ya wazi mwaka 2016 kutafuta mbinu mbadala, wataalamu wa dunia nzima wakazishambulia kwa miaka, na tarehe 13 Agosti 2024 viwango vitatu vya kwanza vya serikali ya Marekani vikatoka: FIPS 203, 204 na 205. Taasisi zetu zinahamia vyeti vya kidijitali, na cheti cha kipimo cha rejea kinaweza kuhitajika mahakamani au kiwandani miaka mingi baada ya kusainiwa. Basi fungueni orodha: ni programu zipi zinasaini vyeti vyenu, zinatumia mbinu gani, nani anaweza kuzibadilisha, na data za zamani zimehifadhiwa wapi. Mpelekeeni mkuu wa maabara orodha hiyo pamoja na nakala ya FIPS 204, inayohusu saini, na mwombe iwekwe kwenye ajenda ya ununuzi wa mfumo ujao.